Bwana Sakarani: Maisha ya Askari Mgeni katika Jeshi la Kijerumani, na Mwisho wa Jeshi Hilo katika Mpaka wa Tunduma

I. Makusudi ya Makala Haya

Kutumikia jeshi la nchi isiyo yako ni kazi ya zamani katika Ulaya, na watu wa Uskoti ni katika waliojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Nchi yao ilikuwa na ardhi haba na wana wengi, na mtoto wa nyumba yenye jina asiyekuwa na shamba la kurithi aliweza kuchukua upanga akaenda kuutumia kwa mfalme wa mbali. Patrick Gordon, aliyezaliwa mwaka 1635 katika Aberdeenshire, aliwatumikia Wasweden na Wapoland kwa zamu, kisha akawa jemadari wa Warusi na mtu wa karibu wa Peter Mkuu. James Keith, aliyezaliwa mwaka 1696 karibu na Peterhead, alitumikia Hispania, kisha Urusi, na mwisho akawa jemadari mkuu wa Frederick Mkuu, mfalme wa Prussia. Aliuawa Hochkirch tarehe 14 Oktoba 1758, akiwa katika sare ya mfalme ambaye hakuwa wake kwa kuzaliwa.

Twaanza na habari hizi kwa sababu katika historia ya Tanganyika yuko mtu aliyeifuata njia hiyo hiyo miaka zaidi ya mia baada ya Keith, na vita vyake viliacha alama kubwa katika nyanda za juu za kusini. Naye ni Tom Prince, mwana wa Mwingereza, aliyekuwa afisa katika jeshi la Kaiser, na ambaye watu wa nchi hii walimwita Bwana Sakarani. Habari zake zimeandikwa sana kwa Kijerumani, na mara nyingi zimeandikwa kama hadithi ya shujaa. Makala haya yana makusudi matatu. Kwanza, kueleza kazi yake kwa ufupi na kwa mpango. Pili, kulichungua jina alilopewa, kwa kuwa jina hilo ni ushahidi wa Kiswahili ambao haukuwekwa katika mizani ipasavyo. Tatu, kulifuata jeshi alilolitumikia hadi mwisho wake mwaka 1918, lilipovuka mpaka karibu na Tunduma, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe.

Hoja yetu ni moja. Tunaposema "jeshi la Wajerumani" tunataja mwenye bendera, lakini hatujawataja watu waliobeba bunduki. Jeshi lile lilikuwa kusanyiko la wageni, tangu baadhi ya maafisa wake hata askari wa safu ya mwisho. Mwandishi wa historia asipoliona jambo hili, atashindwa kueleza jinsi nchi hii ilivyoshindwa, na kadhalika atashindwa kueleza ni nani aliyemshinda nani.

II. Asili yake

Tom Prince alizaliwa Port Louis, katika kisiwa cha Mauritius, tarehe 9 Januari 1866. Mauritius wakati ule ilikuwa koloni la Uingereza, na baba yake alikuwa mtu wa serikali hiyo katika idara ya polisi. Mama yake alikuwa Mjerumani. Baba alipofariki, mama alirudi kwa watu wake pamoja na mwanawe, na kijana akalelewa katika Ujerumani, akasoma shule za huko, akaingia katika chuo cha vita cha Kassel. Mmoja wa wenzake chuoni alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye tutakutana naye tena mwishoni.

Yafaa hapa kutaja jambo la lugha. Katika Kiswahili cha pwani neno Mwingereza lilitumika kwa mtu yeyote wa kisiwa kile cha Ulaya, awe wa England, wa Wales au wa Uskoti. John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa na nguvu kubwa katika Unguja wakati wa Seyyid Barghash, alikuwa Mskoti wa Angus, lakini kwa Waunguja alikuwa balozi wa Waingereza, basi. Lugha yetu ilimtambua mgeni kwa bendera aliyoitumikia, wala haikuuliza kijiji cha baba yake. Kwa desturi hiyo hiyo Prince, aliyezaliwa chini ya bendera ya Kiingereza, alihesabiwa Mdachi tangu siku ya kwanza aliposhuka pwani akiwa na sare ya Kidachi.

III. Jeshi aliloliingia

Jeshi ambalo Prince alilitumikia lilizaliwa kwa sababu ya vita vya pwani. Mwaka 1888 watu wa mrima waliondoka juu ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, wakiongozwa na Abushiri bin Salim katika Pangani, na Bwana Heri katika Saadani. Kampuni ilishindwa, ndipo serikali ya Ujerumani ilipomtuma Hermann Wissmann mwaka 1889 kuunda jeshi. Wissmann hakuleta safu za Wajerumani. Alikwenda Misri, akaandika Wasudani wapatao mia sita waliokuwa wametumikia jeshi la Khedive na sasa hawakuwa na kazi. Akapata wengine katika Msumbiji, watu ambao waliitwa Wazulu ijapokuwa wengi wao walikuwa Washangaan. Maafisa na masajini ndio waliokuwa Wazungu, nao walikuwa wachache. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Tarehe 22 Machi 1891 kikosi hicho kilifanywa rasmi kuwa jeshi la Kaiser katika koloni.

Msomaji wa lugha aweza kuuona mchanganyiko huu katika majina ya vyeo. Askari wa Kijerumani hawakuitwa kwa majina ya Kijerumani. Ombasha, shaushi, betshaushi, sol na efendi ni maneno yaliyotoka katika jeshi la Misri, nalo lilikuwa limeyarithi kutoka kwa Waturuki. Neno askari lenyewe ni la Kiarabu, na lilikuwapo pwani kabla ya Wazungu kufika. Neno jemadari nalo lilikwisha kuletwa zamani na Wabulushi wa Sultani, likiwa na asili ya Kiajemi lililopita Bara Hindi. Basi katika kombania moja palikuwa na amri za Kijerumani, vyeo vya Kituruki, mazungumzo ya Kiarabu cha Sudani na Kizulu, na juu ya yote hayo Kiswahili, ambacho kiliwaunganisha wote na kuwaunganisha pia na wachukuzi na watu wa vijiji walikopita.

Katika jeshi la namna hii hapakuwa na mtu wa kumwona Prince kuwa mgeni, kwa maana wote walikuwa wageni. Msudani aliyeapa kwa Kaiser hakuwa na haja ya kumchukia Mhehe, wala Mshangaan hakuwa na deni la damu na Mnyamwezi. Walikuwa na mshahara, bunduki na amri. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya jeshi lile, na ndiyo iliyofanya liwe la kutisha kwa wenye nchi.

IV. Tabora, Kalenga na Iringa

Jina la Prince lilianza kujulikana katika bara kwa vita vya Unyanyembe. Mtemi Isike alikuwa ameitawala njia kuu ya misafara katika Tabora, akatoza ushuru, akakataa kuinama. Majaribio ya kwanza ya Wajerumani ya kuivunja ngome yake yalishindwa. Januari 1893 Prince aliishambulia akaiingia. Isike hakutaka kukamatwa, akaitia moto ghala ya baruti yeye akiwa ndani. Wajerumani walimtoa akiwa katika hali ya kufa, wakamnyonga hata hivyo. Baada ya ushindi huo nchi ya Wanyamwezi ikawa chemchemi ya askari wa jeshi lile lile lililowashinda, na kwa muda mfupi Wanyamwezi na Wasukuma wakawa wengi kuliko Wasudani. Hapo utaona jinsi jeshi la kigeni lilivyokula nchi na kujilisha kwa wana wa nchi.

Kazi iliyomfanya ajulikane zaidi ilikuwa Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikuwa wamekiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski katika Lugalo. Zelewski mwenyewe aliuawa, pamoja na Wazungu wengine na askari wapatao 250, na bunduki zipatazo mia tatu zikaingia mikononi mwa Mkwawa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Gavana von Schele aliivunja ngome ya Kalenga, na Prince alikuwa miongoni mwa maafisa walioparamia ukuta. Lakini Mkwawa aliponyoka, na vita havikuisha.

Mwaka 1896 Prince alitumwa kuweka kituo cha kudumu, na kituo hicho ndicho kilichokuwa mji wa Iringa wa leo. Hapo alibadili njia ya vita. Badala ya kutafuta pigano moja kubwa aliikata nchi vipande, akaweka vituo vidogo, akavizuia vyakula visimfikie Mkwawa, na wale waliomficha wakaadhibiwa. Mwishoni mwa mwaka 1896 alimsimamisha Mpangile, nduguye Mkwawa, awe mtawala wa Uhehe. Haikupita miezi mitatu Prince akamshutumu Mpangile kuwa anamsaidia nduguye kwa siri, akamnyonga Februari 1897. Katika mambo yote ya Prince, hili ndilo linalostahili kukumbukwa kwanza, kwa maana mtu aliyeinuliwa na serikali aliuawa na serikali hiyo hiyo kwa kosa la kutomsaliti ndugu wa damu. Kwa afisa aliyeishi kwa kiapo lilikuwa jambo la utiifu. Kwa Wahehe lilikuwa jambo la udugu, na hawakulisahau.

Serikali iliweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, katika Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Sajini aliyekuwa akimfuata alikata kichwa, kikapelekwa Iringa kwa Prince, na baadaye fuvu likachukuliwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, ulidai fuvu hilo lirudishwe. Lilirudishwa mwaka 1954, na Gavana Edward Twining akalikabidhi kwa Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanganyika na la Tanzania. Fuvu limehifadhiwa Kalenga.

V. Usangu na bonde la Songwe

Historia ya vita hivi haikuishia Uhehe. Ili kuielewa ni lazima kutazama upande wa magharibi, kwenye milima ya Usafwa na bonde la Songwe.

Jina Songwe lahitaji maelezo kwa sababu ni la mito miwili. Mmoja huteremka kwenda Ziwa Nyasa, na ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Mwingine huelekea kaskazini hadi Ziwa Rukwa. Wasangu, waliokuwa chini ya ukoo wa Merere, walifukuzwa na Wahehe kutoka uwanda wao katika miaka ya 1870, wakakimbilia Usafwa, wakajenga boma jipya wakaliita Utengule kwa jina la makao waliyoyaacha. Kwa kuwa boma hilo liko upande wa Songwe ya Rukwa, watu hulitaja Utengule Usongwe ili kulitofautisha na Utengule ya Usangu. Mwaka 1877 balozi wa Uingereza katika Msumbiji, James Frederic Elton, alifika hapo na wenzake akamkuta Merere amezingirwa na Wahehe. Wasafiri hao walisaidia kulilinda boma, kisha wakaendelea na safari, na Elton akafa Ugogo mwezi wa Desemba mwaka ule ule.

Kwa sababu hiyo, Wajerumani walipoanza vita na Mkwawa, Wasangu waliwakaribisha. Tusiwahukumu upesi. Kwa watu wa Merere hivi havikuwa vita vya Kaiser, bali vilikuwa njia ya kurudi nyumbani. Na kweli walirudi. Prince alipoigawa nchi mwaka 1896, Usangu ulitengwa na Uhehe ukarudishwa kwa Merere, na Utengule Usongwe ikabaki jina na kumbukumbu ya uhamisho. Mgeni aliyezaliwa Mauritius ndiye aliyeamua ni wapi Wasangu wataishi na ni wapi Wahehe watakoma, naye aliiamua kazi hiyo kwa mizani ya utiifu: waliosaidia walipewa nchi na waliopinga walinyang'anywa.

Waskoti nao walifika pande hizi, lakini kwa njia nyingine. Joseph Thomson wa Dumfriesshire alipita mwaka 1879 kutoka Uhehe hadi kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kisha akaikata nchi hadi Ziwa Tanganyika. James Stevenson, tajiri wa Glasgow, alitoa fedha za kujenga njia baina ya maziwa hayo mawili, na kazi ikaanza mwaka 1881. Kampuni ya Maziwa ya Afrika, nayo ya Waskoti, ilifanya biashara katika njia hiyo, na wamisionari wa Livingstonia wakaweka kituo Mwenzo. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yalipanga mpaka ili njia ya Stevenson ibaki upande wa Kiingereza, na mwaka 1898 wapimaji wa nchi zote mbili wakaja kuweka alama. Mstari huo ndio unaopita Tunduma leo. Uliwakata Wanyamwanga na Walambya wakawa watu wa serikali mbili bila ya kuhama nyumba zao. Boma la Waingereza karibu na Nakonde likaitwa Fife, jina ambalo ni la jimbo la Uskoti.

VI. Jina la Sakarani

Sasa tuligeukie jina. Wageni wengi wenye mamlaka walipewa majina na watu wa nchi, na majina hayo hayakutolewa ovyo. Carl Peters aliitwa Mkono wa Damu. Zelewski aliitwa Nyundo, kwa maana alikuwa mtu wa kuponda. Haya ni majina ya hukumu. Hayasemi mtu alitoka wapi wala alikuwa na cheo gani, bali yasema aliwatendea nini waliompa jina.

Sakarani ni neno lililotoka katika Kiarabu *sakrān*, mtu aliyelewa. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili kugusana kama k na r katika neno hili, wala hakipendi neno kuishia kwa n, ndipo kikatia vokali mbili na kupata sa-ka-ra-ni. Mzizi huo huo, s-k-r, ndio uliotupa neno sakarati, yaani hali ya mtu anayekata roho. Ulevi na kufa vimepatana katika mzizi mmoja kwa sababu vyote viwili humtoa mtu akili yake.

Waandishi wa Kijerumani walilipokea jina hili kwa furaha. Walilieleza kuwa sifa ya mtu ambaye vitani hupandwa na hasira ya ushujaa, asiyeona hofu, kama kwamba amelewa. Prince mwenyewe hakulikataa, hata shamba lake akaliita kwa jina hilo. Lakini tuutazame upande wa pili. Katika adabu ya watu wa pwani, na zaidi kwa Waislamu, mlevi si mtu wa kusifiwa. Mlevi ni mtu ambaye hawezi kujizuia, asiyeambilika, ambaye hujui atakupiga lini wala kwa sababu gani. Kumwita mtawala "Bwana Sakarani" ni kumwekea heshima na onyo mahali pamoja. Neno la kwanza lakubali kuwa ana nguvu, na la pili lasema kuwa nguvu hiyo haina lijamu. Msudani katika safu ya Prince, ambaye Kiarabu kilikuwa lugha yake, aliweza kulisema kwa sifa. Mchukuzi au mwanakijiji wa Uhehe aliyeona Mpangile akinyongwa aliweza kulisema kwa woga. Neno lilikuwa moja, na wote wawili walilitamka mbele yake bila ya kuadhibiwa.

Kwa hiyo si sawa kulifasiri jina hili kwa upande wa mwenyewe tu, kama ilivyokuwa desturi. Jina la utani alilopewa mkubwa ni hati iliyoandikwa na wadogo, na lugha ya kuisomea hati hiyo ni yao.

VII. Tanga, 1914

Baada ya vita vya Uhehe Prince aliacha jeshi akafanya shamba katika Usambara ya magharibi, pamoja na mkewe Magdalene, ambaye mwaka 1903 alitoa kitabu cha maisha yao ya Iringa. Kaiser alimpa heshima ya ukabaila, akawa von Prince. Shamba la Sakarani liko hata leo karibu na Soni, ni makao ya watawa Wabenedikto, na jina halikubadilishwa. Kitabu chake mwenyewe juu ya vita vyake na Waarabu na Wahehe kilitoka mwaka 1914, mwaka wa kufa kwake.

Vita vya Ulaya vilipoanza, mtu huyu mwenye umri wa miaka 48 alirudi jeshini chini ya Lettow-Vorbeck, mwenzake wa Kassel. Agosti 1914 aliongoza kikosi kilichoitwaa Taveta. Tarehe 4 Novemba 1914, katika vita vya Tanga, aliongoza kombania za Wazungu kuingia mjini kuwazuia adui waliokwisha kufika kwenye nyumba. Aliuawa siku hiyo. Mwana wa mtumishi wa serikali ya Kiingereza alikufa kwa risasi za jeshi la Kiingereza, kama vile Keith alivyokufa katika jeshi la Prussia mbali na Uskoti.

Lakini tukilitazama jeshi hilo la Kiingereza twakuta jambo lile lile. Katika watu wapatao 8,000 walioletwa Tanga, batalioni iliyokuwa ya Waingereza wenyewe ilikuwa moja. Waliobaki walikuwa watu wa Bara Hindi, na baadhi yao walikuwa askari wa Maharaja wa Kashmir, walioazimwa kwa mfalme wa Kiingereza. Upande wa pili walikuwako Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na mabaki ya Wasudani. Watu wa Kashmir na watu wa Tabora waliuana katika mashamba ya minazi ya Tanga kwa ugomvi uliozuka Sarajevo. Kuviita vita hivyo "vya Waingereza na Wajerumani" ni kweli kwa hesabu ya serikali. Kwa hesabu ya makaburi si kweli.

VIII. Mwisho katika mpaka

Jeshi ambalo Prince alisaidia kulijenga liliishi miaka minne baada yake. Mwaka 1917 lilivuka Ruvuma likaingia Msumbiji, na mwishoni mwa Septemba 1918 likarudi Tanganyika, likapanda nyanda za juu kupitia upande wa Njombe, kisha likageuka magharibi. Ugonjwa wa homa ya mafua uliokuwa ukienea ulimwenguni mwaka ule uliwaingia njiani. Mwanzoni mwa Novemba lilivuka mpaka karibu na Tunduma, likaishambulia Fife, na kupita Mwenzo, kituo cha Waskoti. Tarehe 9 Novemba lilifika Kasama. Tarehe 11 vita vya Ulaya vilikoma. Habari ziliwafikia kwenye mto Chambeshi siku mbili tatu baadaye, na tarehe 25 Novemba 1918 Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini katika Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Wazungu walikuwa 155, na askari walikuwa zaidi ya 1,100.

Kwa watu wa Mbozi, Momba na Ileje, na kwa jirani zao wa Nakonde, vita havikuwa siku za pigano. Vilikuwa miaka minne ya kuchukua mizigo. Upande wa Kiingereza wachukuzi waliitwa tenga-tenga, na jina hilo limebaki kuwa jina la vita vyenyewe katika midomo ya watu. Serikali zote mbili zilichukua watu, chakula na ng'ombe. Mnyamwanga wa kaskazini ya mstari aliweza kubebeshwa risasi za kumpigia aliye kusini, ambaye alikuwa nduguye wa ukoo mmoja. Makumi ya maelfu ya wachukuzi walikufa katika vita vya Afrika Mashariki kwa njaa, kuhara na uchovu, na sehemu kubwa yao hawakuandikwa katika kaburi lolote.

Hapa ndipo tofauti kubwa ya mambo haya inapoonekana. Prince alikuwa mgeni katika jeshi la Kijerumani kwa hiari. Alichagua taifa la mama yake, akapanda cheo, akapewa shamba, na jina lake likaandikwa. Shaushi wa Kinyamwezi alichagua kwa kiasi, kwa maana mshahara ulikuwa bora kuliko kuwa chini ya mwenye mshahara. Tenga-tenga hakuchagua chochote. Neno "kutumikia jeshi la kigeni" latumika kwa wote watatu, lakini halina maana moja.

IX. Hitimisho

Tumeona kwamba maisha ya Tom Prince ni tawi la desturi ya zamani ya Ulaya, ile ya mtu kuukodisha upanga wake kwa taifa jingine, na kwamba desturi hiyo ilipoletwa katika nchi hii ilikuta wageni wengine waliokwisha kukusanywa kutoka Misri na Msumbiji. Jeshi la namna hiyo halikuwa na undugu na nchi, na kwa hiyo liliweza kuigawa nchi kwa urahisi, likiwapa Wasangu na kuwanyima Wahehe. Tumeona pia kuwa jina Sakarani, lililochukuliwa kama sifa katika vitabu vya Kijerumani, lina uso wa pili katika Kiswahili, na kwamba uso huo ndio ulio karibu na matendo ya Iringa.

Kazi iliyo mbele ya watafiti ni kuyakusanya majina ya namna hii kwa utaratibu, mkoa kwa mkoa, pamoja na maneno ya jeshi yaliyobaki katika lugha za mpakani: Kinyamwanga, Kinyiha, Kilambya na Kiwanda. Maneno hudumu kuliko majeshi. Kambi kubwa ya jeshi la taifa katika Dar es Salaam yaitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya ushindi wa Wahehe. Na hata sasa pale Tunduma, msafiri anapofika mbele ya askari wa zamu humsalimu "afande." Neno hilo ni efendi ya Wasudani wa Wissmann. Ujerumani uliondoka na Kaiser wake, lakini cheo cha Kituruki, kilicholetwa na Waarabu wa Nile kwa gharama ya Wajerumani, kimekuwa Kiswahili kamili.